Wiki ya tatu ya atachimenti na bado nafagia: nifanye nini?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kike wa uhandisi wa mitambo, mwaka wa tatu, hapa Mombasa. Niko atachimenti (mafunzo ya kazini) ya wiki 12 katika karakana ya matengenezo ya kiwanda kimoja Changamwe. Hii ni wiki ya tatu. Kazi yangu ni kufagia, kuosha vipuri, kushika tochi na kutumwa mahamri. Logibuku yangu kila siku inasema "nilimsaidia fundi kutengeneza pampu". Mwalimu wa chuo anakuja wiki ya sita. Nifanyeje nipate kujifunza, niandike nini, na je, niombe kuhamia kampuni nyingine?

JIBU: Tuanze na ufagio, maana ndio ulio mkononi sasa. Unga wa karakana hauanguki bure. Ukikuta unga mweusi wa mpira chini ya kinga ya kapulingi (kiungo cha mota na pampu), mpira wa kapulingi unaliwa, na mara nyingi unaliwa kwa sababu shafti ya mota na ya pampu hazitazamani sawasawa. Unga kama huo ukiwa pembeni mwa puli, ni mikanda inayosugua: ama imelegea, ama puli mbili haziko mstari mmoja. Chembe za rangi ya dhahabu kwenye grisi iliyovuja ni shaba ya manjano, na zimetoka ama kwenye kizimba kinachoshika gololi za beringi, ama kwenye gia ya shaba ndani ya giaboksi. Maji yanayodondoka chini ya pampu ya glandi si uchafu wa kumwonea mtu haya. Pakingi, yaani pete laini zinazoziba kando ya shafti, inatakiwa kuachia matone 40 hadi 60 kwa dakika, kwa kuwa maji hayo ndiyo yanayoipoza. Ukikuta chini yake kukavu kabisa, hapo ndipo pa kumwita fundi.

Cha mvunguni huinamiwa, na wewe umeshainama. Beba bahasha chache za khaki mfukoni. Ukikuta unga usioujua, tia kidogo ndani, andika tarehe na namba ya mashine, halafu uliza. Fundi aliyekuona wiki mbili ukisukuma uchafu kimya kimya atakutazama kwa jicho jingine siku utakapomwonyesha bahasha na kumwambia, "Fundi, hii nimeikuta chini ya pampu namba 4, na Ijumaa haikuwepo."

Kuosha vipuri nako kuna darasa lake, ila lina sharti moja: beringi iliyotolewa kwa kuharibika usiioshe kwanza. Itazame ingali na grisi yake. Grisi iliyokauka nyeusi na ngumu inaonyesha joto. Iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiliwa na maji. Iliyojaa vimetameta ina chuma kilichomeguka. Andika unachokiona, piga picha ikiwa kiwanda kinaruhusu simu, ndipo uoshe. Kisha mwombe fundi aikate pete ya nje kwa grainda (usiikate wewe, chuma cha beringi ni kigumu na kikipasuka huruka) uone njia zilizoachwa na gololi.

Soma hivi. Shafti iliyolala ina uzito unaovuta chini muda wote. Kwa hiyo pete ya ndani, inayozunguka na shafti, huwa na njia ya gololi mzunguko mzima, na pete ya nje, iliyotulia, huwa na njia upande wa chini tu. Hiyo ndiyo hali ya kawaida. Pete ya nje ikiwa na njia mzunguko mzima, ama beringi ilibanwa kupita kiasi, ama kinachozunguka hakina mizani. Njia ikienda mshazari kutoka ukingo huu hadi ule, shafti na nyumba ya beringi hazikuwa mstari mmoja. Vishimo vilivyoachana kwa nafasi ile ile ya gololi ni kazi ya nyundo: mtu aliigonga pete ya nje akiingiza beringi kwenye shafti, na pigo likapitia kwenye gololi. Alama zinazofanana na hizo huonekana pia kwenye pampu ya akiba iliyosimama mwezi mzima huku jirani yake ikiitetemesha. Na ukiona mistari iliyopangana kama bati la paa, umeme umekuwa ukipita ndani ya beringi, jambo linalotokea sana kwenye mota zinazoendeshwa na draivu ya kubadilisha kasi.

Beringi tano zilizokufa, zilizokatwa na kuandikwa hivi, ni mali. Hakuna kitabu cha darasani kitakachokupa hiyo.

Sasa kiini cha jibu. Kosa la wanafunzi wengi si uvivu. Ni kutangatanga: leo kompresa, kesho boila, keshokutwa konveya, na mwisho wa wiki 12 wamegusa mitambo 20 na hawawezi kueleza hata mmoja. Chagua mashine moja. Pampu ya kawaida inayosukumwa na mota ndiyo bora, kwa kuwa ndani yake mna umeme, beringi, alaimenti (kuzipanga shafti mbili mstari mmoja), sili na maji, yaani nusu ya masomo yako. Chagua inayofanya kazi kila siku na yenye sifa ya kusumbua. Ukimuuliza fundi yeyote "ipi hapa inawatesa?" utapata jibu kabla hujamaliza swali. Kuanzia hapo, popote utakapotumwa, dakika 20 za kila siku ni za pampu hiyo.

Siku ya kwanza nakili kibati cha mota neno kwa neno, kisha ukipigie hesabu. Tuseme kinasema 22 kW, 415 V, 50 Hz, 40 A, cos φ 0.86, mizunguko 1470 kwa dakika. Wanafunzi wengi husema mota hiyo inakula kilowati 22. Hapana. Hizo 22 ndizo inazotoa kwenye shafti. Inazokula, kwa umeme wa fezi tatu, ni 1.732 × 415 × 40 × 0.86, takriban wati 24,700. Gawanya 22,000 kwa 24,700 upate ufanisi wa kama asilimia 89, na hizo asilimia 11 zilizobaki ndizo joto unalolisikia ukisogeza mkono karibu na feni yake. Mizunguko 1470 inakuambia mota ina poli (ncha za sumaku) 4, kwa kuwa kwenye umeme wa 50 Hz poli 4 hukimbiza uga wa sumaku mara 1500, na mota hubaki nyuma kidogo. Ukiona fremu 180, hiyo ni milimita kutoka nyayo za mota hadi katikati ya shafti. Kipimo hicho kitakufaa tutakapofika kwenye alaimenti.

Kisha nenda kwenye paneli, ila na fundi umeme. Yeye ndiye wa kufungua na kuweka klampu ya ampea. Wewe soma na uandike. Fezi tatu zikisoma 34, 33 na 35, wastani ni 34 na iliyo mbali zaidi imetoka kwa 1, yaani kama asilimia 3. Hiyo haina neno. Ikitoka kwa asilimia 10 pana jambo: volteji zisizolingana, kontakta (swichi kubwa ya mota) iliyoungua meno, au nati ya kebo iliyolegea. Hapa Pwani nati na vidole vya kebo hushika kutu ya kijani haraka kwa hewa ya chumvi, hivyo muulize lini vilikazwa mara ya mwisho.

Ukiwa hapo hapo, tazama ovalodi, kifaa cha kuizima mota ikivuta mkondo kupita kiasi, imewekwa ampea ngapi. Hili ni kosa linalojificha miaka. Kwa mota inayowashwa kwa sta-delta (koili huungwa kwa nyota kwanza, kisha kwa delta), ovalodi mara nyingi hufungwa chini ya kontakta kuu, mahali ambapo inaona mkondo wa koili tu. Mkondo huo ni 0.58 ya ule wa kibati. Kwa mota yetu ya 40 A, ovalodi hiyo inatakiwa iwe kama 23 A. Mtu akisoma kibati, akaizungusha hadi 40 akidhani amefanya vizuri, mota itaweza kuvuta karibu 69 A kwenye laini bila ovalodi kushtuka, na itaungua ikiwa "na ulinzi". Lakini kama ovalodi imefungwa kwenye laini kabla ya njia kugawanyika, hapo 40 ndiyo sawa. Kwa hiyo usimkosoe mtu kwa kuangalia namba peke yake. Fuata waya kwa macho kutoka ovalodi: zikienda U1, V1, W1 pekee bila tawi la kwenda kontakta ya delta, ni hesabu ya 0.58. Na ukigundua kosa, mwambie fundi umeme mkiwa wawili, usiliseme mbele ya meneja.

Baada ya hapo anza kupima joto la nyumba za beringi, saa ile ile kila siku, pamoja na joto la hewa. Ukitumia bunduki ya kupimia joto, jua kuwa hudanganyika kwenye chuma kinachong'aa: husoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, kiache kipate moto, upime hapo hapo siku zote. Toa joto la hewa kwenye joto la beringi, chora alama kwenye karatasi ya grafu. Beringi yenye 70 hewa ikiwa 30 si lazima iwe mgonjwa. Iliyokaa kwenye 55 wiki mbili ikaruka hadi 70 bila mzigo kubadilika, hiyo ina habari.

Mara nyingi habari hiyo ni grisi, na mara nyingi ni grisi nyingi kuliko chache. Nyumba ya beringi ikijaa pomoni, gololi hukoroga grisi badala ya kuviringika, joto hupanda, mafuta huachana na sabuni inayoifanya grisi iwe nzito, na ziada husukumwa hadi kwenye waya za mota. Kiasi cha kuongeza kina hesabu fupi: kipenyo cha nje × upana × 0.005, vyote kwa milimita, upate gramu. Ukikuta beringi 6310, tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5: tundu ni milimita 50. Jedwali litakuambia nje ni 110 na upana 27. Kwa hiyo 110 × 27 × 0.005 ni kama gramu 15. Bunduki ya grisi inatoa gramu ngapi kwa mkupuo? Hakuna anayejua mpaka apime. Piga mara 10 juu ya karatasi, pima kwa mizani ya stoo, gawanya kwa 10. Andika jibu kwa rangi kwenye bunduki yenyewe. Hiyo ni kazi ya robo saa, haigharimu kitu, na karakana itaitumia hata ukishaondoka. Uliza pia ni grisi gani iliyomo: ya lithiamu na ya poliyurea zikichanganywa huweza kulainika na kumwagika, hata kama rangi zao zinafanana.

Siku ya kubadilisha beringi ikifika, omba kuwepo, hata iwe Jumamosi. Angalia mambo mawili. Beringi inapaswa kupashwa moto kwa mashine yake hadi kama digrii 110, isipite 120, ikateleza kwenye shafti yenyewe. Moto wa gesi hulainisha chuma upande mmoja na kuacha mwingine. Na ile herufi C3 mwishoni mwa namba si pambo. Ina maana nafasi ya ndani ni kubwa zaidi, kwa ajili ya shafti itakayopata joto na kupanuka. Karani wa stoo akitoa isiyo na C3 kwa kuwa "namba ni ile ile", beringi itakazwa na joto lake mwenyewe.

Alaimenti ndiyo sehemu ambayo fundi mzoefu na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kukutana nusu njia, yeye kwa mkono, wewe kwa hesabu. Kabla ya kugusa dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo), mguu laini kwanza, yaani mguu wa mota usiokaa vizuri. Weka geji juu ya mguu mmoja wa mota, legeza bolti yake peke yake. Mguu ukiinuka zaidi ya 0.05 mm, haukuwa umekaa. Bolti ilikuwa ikiukunja mwili wa mota. Tia shimu (kibati chembamba cha kuinulia) ya unene huo, kaza, nenda mguu wa pili. Ukiruka hatua hii, kila ukikaza bolti vipimo vinahama na mtashinda mchana kutwa mkilaumu geji.

Kisha geji hufungwa kwenye nusu moja ya kapulingi, sindano yake ikigusa ukingo wa nusu ya pili, na shafti zote mbili huzungushwa pamoja. Ukianza na sifuri juu, chini ikasoma 0.40, kosa la urefu ni 0.20, si 0.40. Geji huona tofauti mara mbili, na hapo ndipo wengi huweka shimu maradufu. Kwa mizunguko 1500, kubaki ndani ya 0.05 mm ni kazi safi. Shimu ziwe chache na nene, si nyingi na nyembamba zinazobonyea kama springi. Na kwa huku kwetu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana shimu iliyoliwa na kutu huvimba na kuinua mota yenyewe.

Hapa ndipo utakapotoa cha chuoni. Kama pampu inasukuma kitu cha moto, hesabu imepanda kiasi gani ikishashika joto: urefu kutoka miguu hadi katikati ya shafti × 0.000012 × ongezeko la joto. Kwa urefu wa 250 mm na ongezeko la digrii 60 ni 0.18 mm. Pampu iliyopangwa sawasawa ikiwa baridi itakuwa juu ya mota kwa 0.18 ikishawaka, zaidi ya mara tatu ya kile mlichohangaika kukiondoa. Fundi wa muda mrefu huenda huiacha mota "juu kidogo" kwa uzoefu tu. Mpe namba, utaona anavyofurahi.

Pakingi ya glandi ni kazi ambayo unaweza kupewa mapema, kwa hiyo ijue. Pete zote za zamani zitoke, pamoja na zile zilizojificha nyuma ya pete ya kupitishia maji. Hizo za ndani ndizo huachwa. Pete mpya zikatwe kwa kuzungusha kwenye bomba la kipenyo sawa na shafti, maungio ya pete moja yaachane na ya inayofuata kwa robo mzunguko. Nati zikazwe kwa vidole tu. Pampu iwashwe ikivuja sana, ndipo nati zikazwe kidogo kidogo, upande mmoja wa nati (sehemu ya sita ya mzunguko) kwa wakati, na kungoja dakika 10 hadi 15 kila mara. Mwenye haraka hukaza mpaka kukauke, na saa moja baadaye pana moshi.

Kuna kipimo kingine cha msimu wako. Atachimenti nyingi hupita Mei hadi Agosti, na huo ndio wakati wa kusi, hewa nzito ya bahari. Mota ya akiba iliyolala wiki sita hunyonya unyevu. Kabla ya kuiwasha, fundi umeme huipima kwa mega (kipima ukinzani wa insulesheni) ya volti 500: mota ikiwa imetenganishwa na nyaya zake, na hasa na draivu kama ipo, kwani volti hizo huiua. Dakika moja kamili, kisha chaji ishushwe ardhini. Andika joto la mota pamoja na megaohmu, kwa sababu ukinzani hupungua karibu nusu kwa kila digrii 10 zinazoongezeka, na kipimo kisicho na joto hakiwezi kulinganishwa na cha mwezi ujao. Kiwanda kinachobadilishana pampu kila wiki, hii ikipumzika ile ikifanya kazi, huepuka mengi ya haya.

Kuhusu logibuku. Iwe ni ya chuo au ya NITA (mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani), nafasi ni ndogo, na "nilimsaidia fundi" inaimaliza bila kusema kitu. Linganisha na mfano huu:

"Jumatano. Pampu namba 4, maji ya kupozea. Saa 3 asubuhi mtu wa zamu aliona moshi kwenye glandi. Ampea kabla ya kuzimwa: 37, kawaida 34. Baada ya kufuli na kibandiko kuwekwa, nilizungusha shafti kwa mkono: nzito. Pete 5 za pakingi zilitolewa, 2 za ndani zimeungua. Sliivu ya shafti ina mfereji. Kipenyo kimepungua kwa 0.8 mm (kalipa). Nilikata na kupanga pete mpya, fundi alikagua. Saa 7: matone 50 kwa dakika, 34 A. Sliivu haipo stoo, imeagizwa. Pakingi hii haitadumu juu ya mfereji. Swali: glandi ilikazwa na nani, na ni kwa sababu sakafu ikiloa mtu wa zamu hulaumiwa?"

Hayo ni maneno kama 95. Yana hali ya mwanzo, kipimo, ulichofanya wewe na alichofanya fundi, hali ya mwisho, kilichobaki, na swali. Swali hilo la mwisho ndilo lililobeba chanzo cha ubovu, na halitatokea kwenye kitabu chochote cha pampu. Andika siku hiyo hiyo kabla ya kuvua ovaroli. Saini ya msimamizi ichukuliwe kila Ijumaa. Anayeomba saini za wiki tano kwa mkupuo mmoja hupewa saini bila kusomwa, na mwalimu huiona kwa wino ule ule.

Mwalimu atakapokuja wiki ya sita hatakaa sana. Mwandalie karatasi moja kubwa yenye mchoro wa njia ya pampu yako, kutoka tangi hadi maji yanapotumika, na kila vali ukiwa umeifuata kwa miguu. Weka kando grafu ya joto na beringi iliyokatwa. Mpeleke mbele ya pampu yenyewe mkazungumzie hapo. Akikuuliza usilolijua, sema utampimia, uandike swali mbele yake.

Namna ya kuwauliza mafundi nayo ina adabu yake. Usiulize mtu akiwa na mkono ndani ya mashine. Saa nne, chai na mahamri vikiwa mezani, ndipo ndimi hufunguka, na hapo kutumwa mahamri si hasara kama unavyofikiri, kwani mleta mahamri hukaa meza moja na wenye ujuzi. Usiseme "kwa nini hamfanyi kama kitabuni?" Sema, "Fundi, niwie radhi, hii beringi imekufa kwa nini?" Mkubwa umwamkue kama mkubwa. Na ukimuuliza leo, kesho mrudishie kitu: namba, kipimo, picha ya mchoro aliyokuwa akiitafuta.

Mambo machache ya kukataa, na kuyakataa bila kuomba msamaha. Usifungue paneli yenye umeme, hata kwa dakika moja. Usiingize mkono kwenye kapulingi kwa sababu mtu amesema "nimezima": weka kufuli lako, ufunguo mfukoni mwako, na fundi umeme apime kifaa chake kwenye umeme unaojulikana upo, apime mota, kisha arudi kupima kifaa tena. Usiingie ndani ya tangi kabisa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, na tangi lililofungwa likashika kutu ndani huwa limeila. Mtandio uwe wa kuvaa kichwani bila pini, ncha zote ndani ya ovaroli. Shafti ya mizunguko 1470 hukamata kitambaa kabla jicho halijapepesa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi wake, kwa hiyo ukisema hapana huna utovu wa nidhamu.

Na kuhama? Si sasa. Kampuni nyingine itakupa ufagio mwingine na wiki tatu nyingine za kuzoeana. Hama ikiwa unatumwa kazi za hatari bila msimamizi, au hakuna wa kutia saini, au karakana yenyewe haitengenezi kitu; na hata hapo pitia kwanza ofisi ya chuo inayoshughulikia atachimenti, uwe na barua ya kampuni mpya mkononi kabla ya kuaga ya zamani, na uulize bima yako inakufuata au inabaki. La sivyo, omba kuhamishwa ndani kwa ndani. Andika ombi la mistari minne: wiki ya nne na ya tano kwa fundi wa pampu, ya saba na ya nane kwa fundi umeme, ya tisa stoo ya vipuri, zilizobaki kurudi kwenye pampu namba 4. Ambatanisha grafu ya siku zako za kwanza, hata kama ina alama tano tu. Mpe msimamizi Alhamisi baada ya chai. Usimpe Jumatatu asubuhi: ndipo mitambo iliyolala wikendi huwashwa, na kila simu ya kiwanda inamlilia yeye.